Pikipiki Haikuwa Mlafi

Nyinyi vijana wa steji ya Kalamba mna swali moja tu, na mnalitoa hata kabla ya salamu. Akipita mtu na pikipiki kubwa, mtalii anayekwenda zake pwani au yule daktari wa Nairobi anayekuja kuangalia miembe yake, mnaizunguka, mnashikashika tangi, halafu mnauliza: "Inakula ngapi?" Juzi mmoja wenu alinigeukia mimi kwa sababu alisikia nimefanya kazi na mashine hizo. "Umau, yako ilikuwa inakula ngapi?" Aliniita babu kwa heshima, na mimi nikamjibu bila heshima. Nilimwambia aende nyumbani akamuulize mama yake anakula ngapi. Mkacheka, mkasema mzee kaamka vibaya.

Sikuamka vibaya. Swali hilo limenikasirisha kwa miaka zaidi ya arobaini, na nimeona afadhali niliandike jibu lake lote nilimalize, maana mkiniuliza pale steji nitawatukana tena.

Jina langu ni Nzioki. Nilikuwa fundi wa pikipiki kubwa Makindu tangu miaka ya sitini, kisha nikawa mwendeshaji wa pikipiki ya hospitali moja ya misheni upande wa Migwani, huko Kitui. Hospitali yenyewe siitaji, wenyewe wako na mengi mema waliyofanya. Naongea juu ya pikipiki moja na juu ya kosa langu.

Lakini kwanza niwatoe huo ujinga wa kuzima injini mteremkoni. Nawaona mkishuka kutoka upande wa Nzaui, abiria wawili nyuma na gunia la ndengu juu yao, injini kimya, mmejipindapinda kama mnashindania kombe. Mkifika chini mnasema mmeokoa petroli. Mimi nilifanya hivyo kabla baba zenu hawajabatizwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, narudisha pikipiki ya mteja kutoka Wote, pikipiki ya safari ndefu yenye uzito wa wanaume wanne. Nilizima injini juu ya mlima nikaiacha iteremke. Pikipiki nzito ikishuka bila injini kuishika, kazi yote inaangukia breki, na breki za siku zile zilikuwa za ngoma. Zilipata moto mpaka zikanuka, kisha zikakataa kabisa. Nilimalizia safari ndani ya ua wa mkonge wa mzee mmoja, nikiwa nimechomwa kila mahali ambapo mtu anaweza kuchomwa.

Fundi aliyenifundisha kazi, Fundi Gurdial, alikuwa Singasinga aliyezaliwa palepale Makindu, baba yake akiwa mtu wa reli. Nilipofikishwa gereji nikivuja damu, hakuniangalia. Alichukua kijiti chake cha kupimia petroli, akakitumbukiza kwenye tangi, akakitazama.

"Umeokoa kikombe moja," akasema. "Sasa wewe niambie. Mguu yako ni kikombe ngapi?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kila ninachojua juu ya mafuta, na hakuwahi hata siku moja kuniuliza pikipiki inakula ngapi. Mtu akija analalamika kwamba pikipiki yake ina ulafi, Gurdial alikuwa na maneno yake yaleyale. "Pikipiki hapana mlafi. Kwanza uliza imebeba nini. Halafu uliza nini inazuia yeye. Mwisho ndiyo ufungue kabureta." Nyinyi mnaanza na kabureta. Mnafungua, mnageuza kila skrubu mnayoiona, mnafunga, mnaenda kulaumu kituo cha petroli.

Pikipiki itoe gia, uisukume kwa mkono kwenye sakafu, uiachilie. Ikisimama haraka, breki inashika gurudumu, na hiyo ni petroli inayoungua bure kutoka asubuhi hadi jioni. Jaza upepo wa kutosha kwenye tairi. Toa plagi uitazame: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini inakula vizuri, ikiwa nyeusi na masizi unaipa petroli isiyoihitaji. Kama ina kabureta mbili, zote zivute sawa, la sivyo silinda moja inafanya kazi na nyingine inapanda bure. Gurdial alizisawazisha kwa mpira mwembamba, ncha moja kwenye kabureta na nyingine sikioni, macho amefumba, na ole wako ukikohoa. Ukishayafanya hayo yote na bado inakula, rudi kwenye swali la kwanza. Imebeba nini?

Shikeni hilo swali. Ndilo lililonishinda.

Pikipiki yenyewe ililetwa Makindu ikikokotwa na lori. Mzungu na mkewe walikuwa wameiendesha kutoka kwao, jangwa lote, wakitaka kufika mwisho wa Afrika kusini, giaboksi ikawafia njiani. Walilala siku nyingi kwenye hekalu la Masingasinga, mnajua pale msafiri hulala na kula bila kuulizwa anatoka wapi. Mke akashikwa na malaria, akatibiwa na daktari wa ile hospitali ya misheni aliyekuwa akipita, akapona. Mwishowe walirudi kwao kwa ndege na kuiacha pikipiki iwe zawadi kwa hospitali. Gurdial aliifufua kwa vyuma vya pikipiki tatu nyingine. Kisha akaiambia hospitali kwamba mashine hiyo haiwezi kwenda bila mtu wake, na mtu wake ni mimi. Ndivyo nilivyoandikwa kazi.

Ilikuwa mashine! Silinda mbili zimetokeza kushoto na kulia, tangi pana ungeweza kumkalisha mtoto juu yake, kioo cha mbele kikubwa kama mlango, na haikuwa na cheni ya kukatika njiani. Nilibeba dawa, chanjo kwenye sanduku la barafu, na barua, kila Jumanne na Ijumaa, kwenye zahanati tano. Ya mwisho kabisa, chini huko kwenye nchi kavu, ng'ambo ya mto wa mchanga, ilikuwa Kwa Mbevi.

Muuguzi wa Kwa Mbevi alikuwa Sista Mwikali, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona. Alikuwa na chumba cha dawa, na chumba chenye vitanda viwili vya kuzalishia. Wanawake walikuja kwake kwa miguu kutoka mbali sana. Mwaka wa ukame wa kwanza nilimkuta amekaa mlangoni, beseni tupu mapajani.

"Nzioki, hiyo kitu yako inaweza kubeba maji?"

Nikamuuliza kwani maji ya mtoni yameisha.

"Iko chumvi. Ukioshea nayo mtoto ngozi inatoka. Na hata hiyo ya chumvi tunachimba mpaka mtu anapotea ndani ya shimo."

"Si uandikie hospitali?"

Aliniangalia kama ninavyowaangalia nyinyi. "Sheria inasema dispensari haina maji, wamama hawazai hapo. Nikiandika hakuna maji, hawataleta maji. Wataleta kufuli. Kila mwezi mimi naandika maji iko. Mungu anajua mbona ninaandika hivyo."

Basi nilitengeneza vyuma viwili vya kufunga kwa bolti, kimoja kila upande, na kila kimoja kikabeba mitungi miwili ya lita ishirini. Maji niliyachota kwenye kisima cha kanisa pale soko la Migwani, mke wa mchungaji akinifungulia lango mapema na kuniombea safari njema. Hayakuwa ya wizi. Lakini hospitali ilikuwa na amri kwamba chombo chake kisibebe mzigo wowote usio wa hospitali, kwa sababu dereva mmoja wa zamani aliwahi kujaza ambulensi makaa. Ukikamatwa, unakwenda nyumbani. Kwa hiyo maji yale tuliyajua watu watatu na kijiji kizima cha Kwa Mbevi.

Kwa miaka mitatu niliyabeba. Sitawadanganya, nilikuwa na fahari. Nikiibuka upande wa pili wa mchanga wanawake walikuwa wanasimama na ndoo zao, wa mbele kabisa akiwa msichana aliyeolewa karibuni anayeitwa Kalekye. Alikuwa na tumbo la kwanza na mdomo mkali. "Umechelewa leo," alikuwa akiniambia. "Ulikuwa unasukuma hiyo kitu ama inakusukuma?" Ndiye aliyegawa maji kwa kikombe. Ya kuzalishia kwanza, yaingie ndani kwa Sista, kisha wagonjwa, kisha yanayobaki, kama yanabaki. Hakuna aliyebishana naye. Alijifungua siku ya Ijumaa, saa moja baada ya mimi kufika, mvulana, naye akamwita Kamanzi, kwa sababu mtoto alikuja na maji, na maji kwa Kikamba ni manzi. Mnajua sisi tunavyowapa watoto majina.

Sasa fikirieni mafuta. Maji ya lita themanini ni kilo themanini, bila kuhesabu mitungi na vyuma, na mchanga juu yake. Nilipigana kwa kila tone. Nilikiondoa kile kioo kikubwa maana kilikuwa kinashindana na upepo. Nilitoka mapema nivuke mto kabla jua halijaulegeza mchanga. Kabla ya mto nilipunguza upepo wa tairi ili gurudumu lisizame, na ng'ambo nilipiga magoti nikaujaza tena kwa pampu ya mkono, maana tairi laini kwenye barabara ngumu linakula petroli kuliko hata mzigo. Gesi niliifungua polepole, sikuwahi kuikaba na kuiachia ovyo kama nyinyi mnavyopiga kelele sokoni ili wasichana wageuke. Na bado pikipiki ilikunywa karibu mara moja na nusu ya kile ambacho ingekunywa ikiwa tupu. Kila safari niliandika kwenye daftari kilomita na lita, bila kuficha. Nilidhani ukweli wa nambari unatosha.

Halafu akaja Bwana Musembi.

Aliletwa kuwa msimamizi wa usafiri. Alikuwa mtu mnene wa suti ya Kaunda, mwadilifu, hilo nalisema, hakuwahi kuchukua hata msumari wa hospitali. Wasiolala kwa uadilifu wao ndio watu wa kuogopa. Wiki ya kwanza alipekua sanduku la spana akakuta kitabu cha pikipiki kutoka kiwandani, na ndani yake ukurasa unaosema pikipiki hiyo inakwenda kilomita kadhaa kwa lita moja. Akakiweka kando ya daftari langu. Akaniita.

"Kitabu inasema ingine. Wewe unasema ingine. Hii tofauti inaenda wapi?"

"Barabara yetu si ya kitabu, Bwana. Kuna mchanga."

"Mchanga haikunywi petroli, Nzioki."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Mtu aliyeandika kitabu kile aliendesha pikipiki tupu kwenye lami, kwenye baridi, bila upepo, mtu mmoja mwembamba juu yake. Musembi hakujua hilo na hakutaka kujua. Angeniuliza swali la Gurdial, imebeba nini, sijui ningemjibu nini. Hakuniuliza. Alishajua jibu.

Jumatatu iliyofuata, baada ya maombi ya asubuhi, sisi wafanyakazi wote tukiwa bado tumesimama na vitabu vya nyimbo mikononi, akasema kuna mmoja kati yetu anauza petroli ya wagonjwa. Hakutaja jina. Alinitazama tu, na watu sitini wakatazama alikotazama. Jumapili hiyo mzee wa kanisa aliniomba nisisaidie kwenye meza ya Bwana mpaka jambo langu lieleweke. Alisema kwa upole. Upole ule uliniuma kuliko ngumi.

Nilikwenda kwa Musembi nikamwambia anipime. Akakubali haraka. Angejaza tangi kwa mkono wake, tungekwenda pamoja hadi Kwa Mbevi na kurudi, kisha angejaza tena apime kilichoingia.

Nilipotoka nje ndipo nilipoona nimejifunga mwenyewe. Nikienda na maji, ataona maji, na kufuli litakwenda Kwa Mbevi. Nikienda bila maji, pikipiki itakula kama kitabu kinavyosema, na mimi nitakuwa mwizi wa miaka mitatu kwa ushahidi wa mikono yangu. Nilifungua bolti, nikaficha vyuma na mitungi kwa mke wa mchungaji. Nilikuwa nimeamua kupoteza kazi. Nawaapia nilikuwa nimeamua.

Ijumaa asubuhi Musembi akatokea. Suti ya Kaunda, kofia, mkoba wa ngozi uliojaa karatasi, na mto wa kukalia alioletewa na mkewe. Akapanda nyuma yangu. Pikipiki ikashuka chini kwa kishindo, springi zikalia, na mimi niliyekuwa nimeijua mashine ile miaka yote nikahisi kwenye makalio yangu uzito ninaoujua kabisa. Mitungi minne. Pengine minne na kidogo.

Nilicheka moyoni mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia ni vumbi.

Hiyo safari ingekuwa hadithi ya kuchekesha kama ingeishia njiani. Kwenye mchanga alinikumbatia kiunoni kama bibi harusi na akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti, ubeti mmoja akiurudia kwa sababu mingine ilimtoroka. Mara mbili tulizama. Mara mbili nilimwomba ashuke, akakataa akisema hiyo itaharibu kipimo, nikailazimisha injini kututoa sisi wote, na mafuta yakaenda. Sikufanya hila yoyote. Niliendesha vizuri kama siku zote.

Kwa Mbevi walikuwa wamesimama na ndoo zao. Nilikuwa sina njia ya kuwaonya. Kalekye alikuwa mbele, Kamanzi mgongoni, naye alitazama ubavu mmoja wa pikipiki, akazunguka akatazama wa pili, kisha akanitazama mimi usoni. Musembi alishuka, akanyoosha miguu.

"Hizi ndoo zote ni za nini?"

"Ni za usafi, Bwana," akasema Sista Mwikali. "Wamama wanasaidia kuosha."

"Vizuri sana. Na maji mko nayo ya kunywa? Hii jua imenimaliza."

Sista aliingia ndani akakaa kitambo. Akatoka na kikombe kimejaa. Nilijua ni cha mwisho cha maji ya Jumanne, kwa sababu nilisikia mtungi ukigonga sakafu ukiwa mtupu. Na ndani, kwenye kitanda, kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akiugulia uchungu, sote tulimsikia. Musembi akanywa nusu. Akasema ni matamu. Nusu iliyobaki akaimimina mkononi, akapangusa uso na shingo, akakung'uta vidole. Matone yakaanguka kwenye vumbi mbele ya wale wanawake.

Hapo ndipo ningesema. Naliona hata leo, nafasi ilikuwa pana kabisa. Mtu alikuwa amesimama juu ya maji yao, uso wake umelowa, moyo wake mwema umetulia. Ningemwambia: Bwana, ulichomwaga nilikileta mimi, kwa pikipiki hii, na hiyo ndiyo petroli unayoitafuta, basi uniandike mwizi lakini uwaletee hawa tangi la maji. Alikuwa mtu wa haki. Pengine angekasirika, pengine angefunga, pengine pia angeshtuka akapigania tangi lile hadi Nairobi, maana alikuwa na kichwa kigumu na kichwa kigumu kina kazi yake. Sijui. Sikumpa nafasi ya kuonyesha. Nilikuwa nawaza kipimo kinakwenda vizuri.

Tuliporudi alijaza tangi mwenyewe kwa galoni yenye alama, ameinama, jasho linamtoka. Akalinganisha na daftari langu. Yeye nilimbeba kwenda na kurudi, lakini siku hiyo hatukuwa na dawa wala sanduku la barafu, basi zikalingana, tofauti haikufika chupa ya soda. Akaangalia tena. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumatatu, baada ya maombi, alisimama tena mbele ya watu wote. "Nilikosea ndugu yetu," akasema. "Nzioki si mwizi. Pikipiki ndiyo mlafi." Watu wakapiga makofi. Mtu akaanzisha wimbo. Jumapili nilirudi kwenye meza ya Bwana nikashika sahani ya mkate, na nilifurahi, sitaki kuwaficha, nilifurahi kama mtoto.

Baada ya majuma mawili lori lilikuja likaibeba pikipiki. Nilikuta inafungwa kamba.

"Hatuwezi kulisha kitu kama hii," Musembi akaniambia, amefurahi kabisa. "Wewe mwenyewe umenionyesha. Nimekutafutia kadogo, inakunywa kama kuku."

Na kweli ilikuwa inakunywa kama kuku. Kapikipiki kekundu kepesi, tangi moja siku tatu. Musembi alibandika ukutani karatasi ya kuonyesha jinsi petroli ilivyopungua, na daktari mkuu akampongeza. Nilijaribu kukafunga mitungi miwili. Kwenye mchanga klachi iliungua, nikatembea na mtungi begani. Nikajaribu mmoja. Chuma cha nyuma kikakatika. Nikawa napeleka kidumu cha lita tano mapajani, na Kalekye anakipokea bila kunitania tena, na hilo la kutotaniwa ndilo nililokuwa siwezi kulivumilia. Kabla ya mwaka kuisha wakaguzi walifika Kwa Mbevi siku ambayo hakukuwa hata na maji ya kunawa mikono. Chumba cha vitanda viwili kikapigwa kufuli, kama alivyosema Sista. Yeye wakamhamishia mbali, na mbele yangu alilia kwa hasira, si kwa huzuni, akipiga mlango ule kwa kiganja.

Kalekye alipata mimba ya pili. Siku zake zilipofika walimpakia kwenye mkokoteni wa punda kumpeleka hospitali. Nilikutana na mkokoteni huo kwenye mto wa mchanga, Ijumaa, mchana kweupe, punda wamesimama na mwanamume mmoja ameketi kwenye mchanga, kofia mkononi. Kalekye alikuwa ameshakufa, yeye na mtoto aliyekuwa hajatoka. Tangi langu lilikuwa limejaa. Ningeweza kwenda Migwani na kurudi mara tatu.

Mmeelewa sasa kwa nini nawafokea?

Niliendelea na kazi ile hadi miaka ya tisini, nikastaafu, wakanipa cheti na saa ya ukutani. Kwenye hotuba walisema nimekuwa mtumishi mwaminifu. Musembi alikuja kwenye sherehe, amezeeka, tukala pilau meza moja. Hakujua chochote hadi alipozikwa. Nilimchukia miaka mingi kwa ajili ya ukurasa mmoja wa kitabu. Ni rahisi kumchukia mtu mnene aliyemwaga maji. Lakini yeye alimwaga nusu kikombe bila kujua. Mimi nilijua.

Mwaka juzi lori la maembe lilisimama hapa Kalamba. Dereva akashuka, mwanamume mzima mwenye mvi kidogo, akaulizia fundi mzee aliyewahi kukaa Migwani. Akaletwa kwangu. Alikuwa ameshika chupa ya asali ya Kitui kwa mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Nzioki wa pikipiki ya maji?" akaniuliza. "Mimi ni Kamanzi. Nyanya yangu alinilea akinihadithia wewe. Alisema nikikupata nikushukuru. Alisema wale wakubwa walikunyang'anya hiyo pikipiki ndiyo dispensari ikafungwa. Ni ukweli, mzee?"

Alikuwa na macho ya mama yake. Nilipokea asali.

"Ni ukweli," nikamwambia. "Walininyang'anya."

Kamanzi, nasikia bado unapitia barabara hii msimu wa maembe, na hawa vijana wanakujua. Nimewaambia wakupe karatasi hizi uzisome kabla hujanitembelea tena, na asali yako sijaifungua. Hawakuninyang'anya. Niliwapa mwenyewe, nimesimama mbele ya mama yako, ili watu wasiniite mwizi.